Mchezo wa Kuigiza Humfundisha Muuguzi Kusema

Wengi wenu mna mtoto au ndugu anayesomea uuguzi, ukunga au uganga. Chuoni anafundishwa kupima joto la mwili, kuchoma sindano na kufunga vidonda. Lakini atafanya nini siku mkubwa wake atakapomfokea mbele ya wagonjwa? Atajibu nini jamaa wa mgonjwa akimpenyezea noti ili wasipange foleni? Mambo hayo hayakaririwi katika daftari. Njia moja inayosaidia ni mchezo wa kuigiza.

Aliyeianzisha ni Augusto Boal wa Brazili (1931–2009). Mwaka 1971 alikamatwa na serikali ya kijeshi, akateswa, kisha akaishi uhamishoni. Kitabu chake juu ya maigizo ya wanyonge kilitoka mwaka 1974. Leo njia yake hutumika katika nchi nyingi, hata katika kuwafundisha wauguzi na madaktari.

Inafanyikaje?

Wanafunzi hutunga mchezo wa dakika chache. Kwa mfano, daktari ameandika dawa ya mtoto. Amekusudia 0.5, lakini nukta haionekani, inasomeka 5, yaani mara kumi. Mwanafunzi anashuku, anauliza kwa sauti ndogo. Anajibiwa, "Wewe ni nani wa kunifundisha kazi?" Ananyamaza, anachoma sindano, mtoto anazidiwa. Mchezo unaishia hapo kwa makusudi.

Kisha unaanza upya. Mtazamaji yeyote anayeona pa kurekebisha anapaza sauti, "Simama!" na kushika nafasi ya mwanafunzi. Mmoja anajaribu kugomba, daktari anazidi kukasirika. Mwingine anasema, "Samahani Daktari, mtoto huyu ana kilo nane. Naomba unisomee kipimo." Wa tatu anasema, "Naomba nimwite muuguzi mkuu wa wodi tuhakikishe kabla sijachoma." Daktari hageuzwi kuwa mpole ghafla, kwa maana hata wodini hatuwezi kumchagulia mkubwa tabia yake.

Faida yake ni nini? Maneno yaliyokwisha kutamkwa mchezoni hayawi mazito sana siku ya hatari. Wanafunzi wanatambua kwamba hofu hiyo si ya mmoja wao tu. Na anayeigiza daktari aliyekesha zamu ya usiku anaonja uchovu wake.

Tahadhari

1. Majina ya watu halisi na ya hospitali yasitajwe.
2. Asilazimishwe mtu kuigiza, hasa jambo lililompata mwenyewe, kama vile kutakwa kimapenzi na mkubwa wake.
3. Baada ya mchezo wote wakae wazungumze. Aliyeguswa asiachwe peke yake.
4. Mchezo peke yake hautoshi. Hospitali iwe na mtu wa kupokea malalamiko, na anayesema ukweli asiadhibiwe.

Ninyi wazazi, kijana wenu akirudi likizo akiwa mnyonge, msimwambie "vumilia" tu. Mwulizeni, "Ulitamani umjibu nini?" Mwacheni aseme maneno hayo hapo nyumbani, hata mara mbili.

Na mkiwa wodini, mkaona muuguzi anasita na kwenda kuuliza kabla ya kutoa dawa, msimdharau kwamba hajui kazi. Anamlinda mgonjwa wenu. Mvumilieni dakika hizo chache.