Bakora Iliondoka, Malezi Je?

Wazazi wenzangu, kila kukitokea fujo katika skuli zetu za serikali, husikia kauli moja barazani: walimu warudishiwe bakora, nidhamu itarudi. Hapa naomba tuelewane.

Bakora ilipigwa marufuku skulini mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, ikakaza zaidi: anayempiga mwanafunzi aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa hadi miezi 6, au yote mawili. Mwalimu asiyemchapa mwanao si mwoga; anafuata sheria.

Mahali pa bakora pakawekwa ushauri nasaha. Tatizo liko hapo. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, madarasa yalifurika. Mshauri katika skuli nyingi ni mwalimu yule yule mwenye vipindi vyake na madaftari ya kusahihisha. Atapata wapi wakati wa kukaa na mtoto mmoja?

Nami nina kosa langu. Niliitwa skulini kwa ajili ya kijana wangu, nikamtuma mjomba wake. Nilipoitwa tena nikaenda mwenyewe, ndipo nikajua kuwa huaga nyumbani asubuhi na darasani hafiki. Mwalimu alikuwa akijua siku zote. Mimi niliyelala naye nyumba moja sikujua.

Tuidai serikali walimu wa kutosha, ni haki yetu. Lakini tukiitwa, twende wenyewe.