Likizo ya Siku Saba: Tia Nanga Amani, Usihamehame

(Mazungumzo haya yalitangazwa kwanza redioni katika kipindi chetu cha kila wiki.)

Ndugu msikilizaji, wiki hii nimepokea barua kutoka kwa msikilizaji mwenzetu wa Temeke, Dar es Salaam. Anasema yeye na mkewe wamecheza upatu kwa muda mrefu, na sasa zamu yao imefika. Wana watoto watatu, wana siku saba za likizo, na wameamua kwamba safari hii hawaendi kijijini kwenye msiba wala harusi. Wanataka kutembea tu, waione nchi yao upande wa Tanga. Swali lake ni fupi: "Tulale wapi?"

Pamoja na barua hiyo ameambatanisha ratiba aliyoitunga mwenyewe. Usiku wa kwanza Tanga mjini, wa pili Pangani, wa tatu Muheza, wa nne Lushoto, wa tano Korogwe, halafu warudi nyumbani. Nilipoisoma nilicheka, si kwa kumdharau, bali kwa sababu ratiba hiyo naijua. Niliwahi kuitunga mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliichukua familia yangu safari ya namna hiyo. Kila asubuhi ilikuwa kufunga mabegi, kutafuta kiatu kilichoingia chini ya kitanda, kulipa chumba, kukimbilia stendi. Kila jioni ilikuwa kutafuta gesti, kupatana bei, kuuliza chakula kiko wapi. Katika mji mmoja tulikuta chumba tulichoahidiwa kimekwisha kupewa mtu mwingine, tukakaa barazani na watoto hadi saa nne usiku. Siku ya tano mke wangu aliniuliza swali ambalo hadi leo sijalijibu: "Baba watoto, hii ni likizo au tunahama?"

Tangu siku hiyo nimejifunza jambo moja. Mwenye siku chache asihamehame. Atafute mahali pamoja pazuri, atie nanga, halafu kila siku atoke asubuhi na kurudi jioni kwenye kitanda kile kile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, lakini ni wangapi kati yetu wenye fedha ya kuzitembelea zote? Wengi wetu tuna wiki moja, na wiki moja haifai kuliwa na stendi za mabasi.

Wenzetu wa Italia wameligundua jambo hili zamani. Mtu wa mjini kule, badala ya kurukaruka kutoka hoteli hii hadi ile, hukodi chumba kwenye nyumba ya mkulima, katikati ya mizabibu na mizeituni, kisha kutoka hapo huzungukia miji ya jirani. Mwaka 1985 serikali yao ilitunga sheria maalumu inayomwezesha mkulima kupokea wageni shambani kwake bila kuacha kuwa mkulima. Faida ikawa pande mbili: mgeni akapata utulivu, na mkulima akapata kipato cha pili. Nalitaja hili si kwa kuwa tunahitaji kuiga kila kitu cha Ulaya, bali kwa kuwa mashamba mazuri na milima mizuri hata sisi tunayo.

Sasa, mahali pa kutia nanga huchaguliwaje? Mimi najiuliza maswali matatu.

Swali la kwanza: kutoka hapo kwenda ninakotaka ni saa ngapi? Sikusema kilomita ngapi. Ramani inaweza kukuonyesha milima miwili imekaa jirani kama mafiga, kumbe kati yake pana bonde lisilo na barabara, na kwenda upande wa pili ni kuzunguka nusu ya mkoa. Swali la pili: siku ambayo hatuendi popote, hapo penyewe pana nini? Kituo ambacho uzuri wake wote uko mahali pengine si kituo, ni stendi. Swali la tatu: mvua ikinyesha au mtoto akipata homa, itakuwaje?

Tuyapime maeneo aliyoyataja ndugu yetu. Tanga mjini pana usafiri wa kila upande, hospitali, soko na samaki. Lakini ni mji, na yeye anatoka mjini. Pangani pana bahari na mto, na historia ya Bushiri bin Salim aliyewaongoza watu wa pwani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, akanyongwa hapo hapo Pangani mwezi Desemba 1889. Anayetaka kuoga baharini kila siku alale Pangani, sitabishana naye. Lushoto pana baridi tamu, mboga na matunda, na maporomoko ya Soni njiani. Lakini Lushoto imejitenga na pwani: kuifikia lazima ufike Mombo, kisha upande mlima kilomita zaidi ya thelathini. Kwa hiyo Lushoto ni safari inayojitegemea, na inastahili wiki yake yenyewe.

Mahali ninapompendekezea ndugu yetu ni Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza.

Amani iko kwenye mwinuko wa kama mita 900 kutoka usawa wa bahari. Kutoka Muheza barabara inapita mashambani, inafika Sigi baada ya kilomita kama 25, kisha inaanza kupanda kwa kona kali katikati ya msitu, kilomita zisizotimia kumi, hadi Amani. Katika kipande hicho kifupi joto la pwani linaachwa nyuma, na mtoto wa Temeke ataomba sweta labda kwa mara ya kwanza maishani.

Wajerumani walianzisha hapo kituo cha utafiti wa kilimo na bustani ya mimea mwaka 1902. Walileta miti kutoka pande zote za dunia wakitaka kujua ni ipi itakayostawi katika koloni lao. Wakati wa Waingereza utafiti uliendelea, na baada ya Vita Kuu ya Pili shughuli za kilimo zikahamishiwa Kenya, majengo yakapokelewa na watafiti wa malaria. Mwaka 1997 eneo la hekta zaidi ya 8,000 lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, na bustani ile ya zamani imo ndani yake.

Nalijibu hapa swali la pili. Siku ambayo hamwendi popote, tembeeni kwa miguu. Chukueni mwongozaji wa pale pale, mlipie kihalali na mdai risiti. Atawaonyesha kinyonga mwenye pembe tatu. Atawaonyesha ua dogo la zambarau lililoonekana Usambara mwaka 1892 na Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya wakati huo. Leo ua hilo limo kwenye vyungu vya madirishani duniani kote, na Wajerumani hadi sasa huliita kwa jina la Usambara. Sisi wenye Usambara wengi hatujawahi kuliona. Atawaonyesha pia mahali ambapo magogo yalikatwa kwa biashara hadi miaka ya 1980, na jinsi mti wa kigeni uitwao Maesopsis ulivyojipenyeza kwenye mapengo hayo. Na nje ya msitu kuna mashamba ya chai yaliyolala juu ya vilima kama zulia, na bustani za iliki, mdalasini na pilipili manga.

Siku ya pili shukeni Sigi. Enzi za Wajerumani reli ndogo ilitoka Tengeni hadi hapo kubeba mbao. Reli imekwisha kung'olewa, lakini nyumba ya mkuu wa stesheni ipo na imekarabatiwa kuwa nyumba ya kuwapokea wageni wa hifadhi. Hapo utausikia mto Sigi. Waonyeshe watoto mto huo vizuri, kwa sababu maji yake ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Mtoto wa mjini hudhani maji yanazaliwa bombani. Mwambie: kama watu wa Tanga wanavyoutegemea msitu huu, ndivyo sisi wa Dar es Salaam tunavyoutegemea mto Ruvu, unaotoka milima ya Uluguru. Somo hilo atalishika kuliko akisomewa darasani.

Siku ya tatu nendeni Magoroto, upande wa milima ya jirani na Muheza, palipo na shamba kongwe la michikichi, msitu na ziwa dogo. Wakati wa kurudi, kama ni msimu wake, nunueni machungwa ya Muheza.

Siku ya nne teremkeni Tanga. Mapango ya Amboni yako kama kilomita nane kaskazini ya mji, mapango ya chokaa yaliyochongwa na maji kwa karne nyingi. Upande wa kusini, kwenye barabara ya Pangani, kuna magofu ya Tongoni: msikiti wa kale na makaburi zaidi ya arobaini, mengine yenye nguzo. Zamani sehemu hiyo iliitwa Mtangata, na ni karibu na hapo ambapo meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama mwaka 1498, na mwaka uliofuata wakaichoma wenyewe. Mwenye gari anaweza kupaona kote kuwili kwa siku moja. Mwenye kupanda basi achague pamoja. Mtaka yote hukosa yote.

Na hapa, ndugu msikilizaji, liko jambo ambalo wageni wengi hulikosea. Mabasi ya Amani hayakupangwa kwa ajili ya watalii, yamepangwa kwa ajili ya wanakijiji. Kwa desturi hushuka asubuhi mapema kuwapeleka watu Muheza sokoni, hospitali na ofisini, na hupanda mchana kuwarudisha. Ukilala Tanga ukataka kwenda Amani na kurudi siku hiyo hiyo kwa basi, utafika mchana na hutakuwa na basi la kukushusha. Lakini ukilala Amani, ratiba hiyo inakuwa yako: asubuhi unashuka na wanakijiji, mchana unapanda nao. Hata siku ya kwanza, basi la Tanga linaloondoka Dar es Salaam alfajiri litakuteremsha Muheza adhuhuri, kwa wakati wa kupanda mlima. Ulizia saa kamili kwa kondakta kabla ya kutoka, kwa sababu ukilikosa basi la kupanda, bodaboda kwa watu watano itakula fungu kubwa la upatu wako.

Sasa niseme na upande wa pili, nisije nikalaumiwa. Amani hupata mvua karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na haingoji masika tu. Kuanzia Machi hadi Mei barabara inateleza na gari dogo linaweza kukwama, kwa hiyo miezi hiyo iepuke. Chukueni makoti ya mvua, viatu vya kushika ardhi, dawa na fedha taslimu. Nyumba za wageni si nyingi. Hifadhi ina zake, Amani juu na Sigi chini, basi peleka taarifa mapema, useme mko wangapi na mtakula nini. Mwenye mgonjwa anayehitaji hospitali kila mara atie nanga Muheza au Tanga. Na mimi Pangani na Lushoto nimezifuta kwenye ratiba yako kwa makusudi. Kwa basi haziendeki na kurudika siku moja kutoka Amani. Ziache kwa upatu mwingine.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niitaje Amani. Vijiji vinavyouzunguka msitu ule vimeambiwa miaka mingi visikate miti. Wanakijiji wakauliza, kwa haki kabisa, "Tutakula nini?" Mojawapo ya majibu ilikuwa ufugaji wa vipepeo: akina mama na akina baba walilea viwavi, wakauza mabuu kwenye mabustani ya maonyesho ya ng'ambo. Mwaka 2016 serikali ilipopiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia humo, soko hilo likawafungia mlango. Siku hiyo ilionekana wazi hatari ya kumtegemea mnunuzi mmoja aliye mbali.

Mgeni anayelala usiku mmoja na kukimbia huacha kiingilio tu. Mgeni anayekaa siku sita hununua ndizi, mayai na iliki, humlipa mwongozaji mara tatu, humpa mama wa mgahawa kazi ya wiki nzima. Mwanakijiji anayeona fedha hiyo ana hoja ya kumwambia jirani yake aliyeshika shoka. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Temeke, kule kukaa mahali pamoja ni raha yako, lakini pia ni maji ya watu wa Tanga.

Futa ratiba yako. Andika jina moja tu: Amani. Halafu ukirudi, niandikie barua nyingine uniambie mama watoto alisema nini siku ya tano.

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo. Kwaherini.