TUSI DOGO NI LIPI?
Wapo wasemao kwamba "mjinga" au "mshenzi" si tusi, bali ni mazoea tu ya ulimi. Sisi twasema: tazameni kwanza nani amwambia nani. Mzaramo na Mnyamwezi hutupiana maneno makali kuliko hayo wakacheka, kwa kuwa ni watani, na kila mmoja ana ruhusa ya kujibu. Mfanyakazi aitwaye mjinga na msimamizi wake hana ruhusa hiyo. Ndiyo maana Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakataza viongozi kiburi na dharau. Na baada yake wafanyakazi wa viwanda kadhaa waligoma kwa kudharauliwa, si kwa mshahara tu. Ndugu, neno ambalo mwenzako hathubutu kukujibu, hilo si dogo.