Kwa Nini Tupimwe Wakati Hatuumwi?



Mara kwa mara hufika vijijini mwetu watu wenye mikoba, mizani na mashine ya kupimia presha, wakiongozana na mwenyekiti wa kitongoji. Hawakuja kutibu wagonjwa. Wanamtafuta mtu mmoja tu katika kaya, awe mzima au mgonjwa, wamwulize maswali na kumpima. Wakishaondoka, maneno huanza: “Wanatafuta nini kwa mtu asiyeumwa? Damu yetu wanaipeleka wapi?” Wengine hukumbushia habari za mumiani. Wengine, wakisikia wageni wanakuja, hutoka alfajiri kwenda shambani ili wasikutwe nyumbani.

Mwezi huu tumeona vema tueleze kazi ya wageni hao. Kujificha kwetu kuna gharama, na sisi wauguzi tunaiona gharama hiyo wodini.

Hospitali haiwaoni wote

Daftari la hospitali humwandika aliyefika. Mzee anayeanguka chini ya mkorosho asubuhi na kufariki jioni kabla gari halijapatikana, hatumwandiki. Mama anayepooza upande mmoja, nyumbani wakasema amepigwa na upepo mbaya na kumpeleka kwa mganga, naye hatumwandiki. Basi wakubwa wakipanga dawa kwa kutazama madaftari yetu peke yake, watadhani kiharusi ni ugonjwa wa nadra.

Ndiyo maana mwaka 1992 Wizara ya Afya, pamoja na washirika wake, ilianza kazi ya namna nyingine katika jiji la Dar es Salaam, wilaya ya Hai na Morogoro Vijijini. Watumishi walikwenda kwa wafiwa wenyewe, wakauliza kwa upole marehemu alivyougua hadi kufa. Matokeo kuhusu kiharusi yalichapishwa mwaka 2000. Yalionyesha kwamba watu wazima wenye umri wa miaka 15 hadi 64 katika maeneo hayo matatu walikufa kwa kiharusi zaidi ya mara tatu kuliko wenzao wa umri huo Uingereza. Wa vijijini pia walikuwamo, si wa mjini peke yao. Kumbe ugonjwa tuliouita wa matajiri ulikuwa umeketi nasi jikoni, ila hakuna aliyekuwa ameuhesabu.

Korosho chache hueleza mzigo mzima

Wengine huuliza: “Wakimpima mtu mmoja hapa na mmoja kule, watajuaje habari za nchi nzima?”

Mkulima wa korosho hahitaji kufundishwa jambo hili. Mzigo ukifika ghalani, mkaguzi hapasui kila korosho. Huchoma magunia mbalimbali kwa bambo, huzichanganya korosho alizozitoa, hupasua kiasi, na kutoka hapo hujua ubora wa mzigo mzima. Lakini akichota za juu tu katika gunia moja, atadanganyika. Siri ni kuchota pote bila kupendelea.

Sensa hutuhesabu wote. Ile ya Agosti 2022 ilikuta Watanzania milioni 61.7. Uchunguzi wa afya huchota tu kama yule mkaguzi. Mwaka huohuo wa 2022 ulifanyika uchunguzi wa kitaifa uliofikia kaya zaidi ya 15,000. Kaya hizo zilitosha kuonyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, ambapo miaka ya 2015 na 2016 walikuwa 34.

Maeneo na kaya huchaguliwa kwa kura. Katika kaya nako, mtu hupatikana kwa utaratibu kama wa kura. Ukichaguliwa wewe, jirani hawezi kukaa mahali pako. Kwa nini? Kwa sababu wangempima yeyote wanayemkuta, wangepata wazee na wagonjwa walioshinda nyumbani, na kuwakosa vijana walio shambani. Ndiyo sababu hurudi mara ya pili na ya tatu kukutafuta. Nawe ukijificha, wanaofanana nawe wamekosa msemaji.

Hatua tatu

Upimaji unaohusu mwenendo wa maisha yetu hufuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, nao una hatua tatu.

Kwanza ni maswali: Je, unavuta sigara au kutumia ugoro? Unakunywa pombe, na kiasi gani? Mboga na matunda unakula siku ngapi katika wiki? Kazi yako inakutoa jasho? Umewahi kupimwa presha?

Pili ni vipimo vya mwili: urefu, uzito, kiuno na presha. Presha hupimwa mara tatu kwa kupumzika katikati, maana mtu aliyeona wageni moyo humwenda mbio.

Tatu ni damu kidogo, mara nyingi asubuhi kabla hujala. Hiyo ni ya kupima sukari na mafuta katika damu. Tone la kidoleni halijazi hata kijiko cha chai!

Kabla ya yote hayo ni lazima uelezwe, na uulizwe kama unakubali. Una haki ya kuuliza na hata ya kukataa. Jina lako halitangazwi. Kinachotangazwa ni hesabu ya wote kwa pamoja.

Walikuta nini?

Mwaka 2012 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliwapima hivyo Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Tuyaangalie baadhi ya matokeo.

Katika kila watu 100, karibu 26 walikuwa na shinikizo la damu, yaani presha ya juu. Hesabu hiyo katika benchi la watu wanne kanisani ni mtu mmoja. Waliozidi uzito unaofaa walikuwa 26 pia. Wenye sukari iliyopanda katika damu walikuwa 9. Linganisheni na miaka ya themanini, wakati madaktari wa Muhimbili, akiwamo Profesa Donald McLarty, walipopima vijiji sita vya Tanzania. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1989, na wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika 100. Ni kweli, vipimo na umri wa watu havikuwa sawa katika kazi hizo mbili, hata hivyo tofauti hiyo si ndogo.

Na hili linatuhusu sana: watu 97 katika 100 hawakuwa wakila mboga na matunda ya kutosha kila siku.

Majirani zetu wa Kenya walipima mwaka 2015. Walikuta shinikizo la damu kwa watu 24 hivi katika 100, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha maishani mwao.

Lakini hesabu inayotuhuzunisha kuliko zote ilitoka Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari wilayani Hai, nayo ilichapishwa mwaka 2000. Kwanza, presha ya kijijini haikuwa chini ya ile ya mjini. Pili, katika kila watu 100 wenye shinikizo la damu, waliojua kwamba wanalo hawakufika 20. Waliokuwa wakitibiwa walikuwa kama 10. Na waliotibiwa hadi presha ikashuka panapofaa hakufika hata mmoja!

Basi swali letu la mwanzo limepata jibu. Tunapimwa wakati hatuumwi kwa sababu shinikizo la damu kwa kawaida haliumi. Mwenye malaria hutetemeka akaja hospitali. Mwenye presha hulima, hucheka, hucheza ngoma, mpaka siku mshipa wa kichwani unapopasuka au kuziba.

Hata wakubwa wa dunia waliteswa na ugonjwa huu. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alikufa kwa kiharusi mwezi Aprili 1945, baada ya kuishi miaka kadhaa na presha iliyokuwa ikipanda. Wakati ule waganga wengi walidhani presha kupanda ni jambo la uzee tu. Mwaka 1948, katika mji mdogo wa Framingham huko Marekani, walianza kuwapima watu wazima 5,209 na kuwafuata mwaka hata mwaka. Kwa kuwafuata hivyo, ilijulikana kwamba presha, sigara na mafuta mengi katika damu hutangulia, na ugonjwa wa moyo hufuata. Kutoka kwa watu wa mji ule yamepatikana mengi ya maswali tunayoulizwa leo.

Tutazame nyumbani kwetu

Huku kwetu, Newala hadi Masasi, mambo yamebadilika. Bibi zetu waliteremka bondeni kufuata maji na kupanda tena na mtungi kichwani. Hatuwatakii mabinti zetu taabu ile, ila tujue kwamba mwili ule ulifanya kazi. Leo bodaboda imefika kila kigango. Fedha za korosho zikiingia, mafuta ya kukaangia, soda na sukari huingia pamoja nazo.

Chumvi tuiangalie. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuwamo katika chakula. Samaki wa ng’onda aliyelowekwa na kumwagwa maji yake bado ni mtamu. Na chumvi isikae mezani.

Mboga hatukosi: kisamvu, majani ya kunde, mlenda, matembele. Mabibo yana vitamini C nyingi kuliko chungwa, nasi tunayaacha yaoze chini ya mkorosho, au tunayakamua yote kuwa uraka. Uraka na nipa hupandisha presha, tena huondoa ada ya shule. Mpeni mtoto bibi, na baba naye ale.

Tufanye nini?

Moja: kila mtu mzima, hasa aliyefikia miaka 40, apimwe presha walau mara moja kwa mwaka. Akina mama mara nyingi hupimwa wanapohudhuria kliniki. Akina baba wengi hupimwa mara ya kwanza wakiwa wamebebwa. Wazee wa jumuiya ndogo ndogo na WAWATA wapange siku, jumuiya nzima iende zahanati pamoja. Anayeona haya peke yake haoni haya katika kundi.

Mbili: kabla ya kupimwa, kaa umetulia dakika tano, na nusu saa kabla yake usivute sigara wala kunywa kahawa. Ikionekana 140 kwa 90 au zaidi, usifadhaike. Rudi siku nyingine upimwe tena. Ikibaki juu, utaelezwa la kufanya.

Tatu: uliyepewa dawa, usiiache kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa kuwa ipo.

Nne: mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukalegea au maneno yakamtoka ovyo, hicho ni kiharusi. Si upepo, si jirani aliyemroga. Mleteni hospitali saa ileile.

Tano: wageni wa kupima wakibisha hodi, waombeni barua na vitambulisho, na mwulizeni mwenyekiti kama anawajua. Mkiridhika, wapeni kiti. Mtu akikutwa na presha ya juu siku hiyo, aje kwetu na karatasi yake bila kungoja mavuno.

Mwinjili Luka anatueleza kwamba Yosefu na Maria, naye akiwa mjamzito, walisafiri hadi Bethlehemu ili waandikwe. Safari yao ilikuwa ndefu na ngumu. Safari yetu ni ya kutoka shambani hadi barazani kwetu. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na asiyejua kama anayo maradhi afadhali ajulishwe mapema, wakati watoto wake bado wanamhitaji.

Mungu awabariki, awajalie afya njema ya roho na mwili.