Bunduki ya Kale Haipimwi kwa Miaka

Novemba 1914, wanajeshi wa Uingereza waliotoka India walipotua Tanga, wengi wa askari Waafrika waliowakabili chini ya amri ya Wajerumani walikuwa wameshika Mauser ya mwaka 1871. Ni bunduki ya risasi moja moja: unapakia, unafyatua, unapakia tena. Kwa kuwa inatumia baruti nyeusi, kila mlio huacha wingu la moshi linalomwonyesha adui mahali ulipojificha. Kombania chache za jeshi hilo zilikuwa na Mauser ya 1898, inayobeba risasi tano na kutumia baruti isiyo na moshi mwingi. Leo, mkusanyaji wa silaha za kale aliyeko Uingereza anaweza kuitundika ile ya 1871 ukutani bila cheti, mradi iwe ni pambo tu. Akiitaka ile ya 1898 ikiwa nzima, lazima aombe cheti cha polisi, aeleze sababu ya kuihitaji na aifungie mahali salama. Mtu angedhani kilichozitenganisha ni umri, lakini bunduki zote mbili ni kuukuu. Kilichozitenganisha ni kwamba risasi nene ya ile ya kwanza, ya milimita 11, si bidhaa ya kawaida ya madukani tena, ilhali ya milimita 7.92 inatengenezwa mpaka sasa. Naamini hicho ndicho kipimo sahihi. Swali la kuuliza ni kama silaha hii, hapa ilipo na leo hii, inaweza kupata risasi. Mwaka wa kuzaliwa kwake haujibu swali hilo.

Marekani imechukua njia nyingine. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 1968, bunduki au bastola iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ni ya kale, na kwa sehemu kubwa sheria hiyo haiigusi, ingawa baadhi ya majimbo yameweka masharti yao. Chukua bastola ya Colt ya muundo wa 1873, ile yenye silinda ya risasi sita. Iliendelea kutengenezwa kwa miongo mingi, na risasi zake za .45 bado zinauzwa madukani. Iliyotoka kiwandani Desemba 1898 inauzwa kama saa ya mezani. Pacha wake wa Januari 1899 anahitaji taratibu zote za silaha. Mtu aliyepigwa na mojawapo hatajua ni ipi. Watetezi wa mstari wa tarehe husema ni rahisi kuufuata: polisi anasoma namba, anatazama orodha ya kiwanda, kesi imekwisha. Ni kweli, na urahisi si jambo la kudharau katika sheria. Lakini sheria ya Marekani yenyewe, katika kifungu kinachohusu silaha hatari zaidi kama bunduki za rashasha, haikuridhika na tarehe peke yake. Inauliza pia kama risasi zake bado zinatengenezwa nchini na kupatikana katika biashara ya kawaida. Wabunge walijua swali lenye uzito ni lipi; wakalitumia upande mmoja, wakaliacha upande mwingine.

Uingereza nayo ilijifunza kwa gharama kubwa kwamba jibu la swali hilo hubadilika. Sheria yake ya 1968 ilisamehe silaha ya kale inayowekwa kama pambo au kitu cha kutazamwa, bila kueleza "ya kale" maana yake nini. Kwa miaka mingi kazi hiyo iliachiwa mwongozo wa serikali uliokuwa na orodha ya mamia ya risasi zilizopitwa na wakati. Wahalifu nao waliisoma. Mwaka 2017 mahakama ya Birmingham ilimfunga miaka 30 mfanyabiashara wa silaha, tena mwenye leseni, kwa kuwatengenezea wahalifu risasi za bastola ambazo karatasi za serikali zilizihesabu kuwa pambo. Kazi ya mikono yake ilihusishwa na matukio zaidi ya 100 ya uhalifu, yakiwemo mauaji. Kanuni mpya zilizoanza kutumika Machi 2021 ziliweka maana ya silaha ya kale ndani ya sheria, zikakataa kila iliyotengenezwa kuanzia Septemba 1, 1939, na zikaondoa aina 7 za risasi kwenye orodha kwa sababu silaha zake zilikuwa zikionekana mno mikononi mwa wahalifu. Wakusanyaji wengi walilalamika kwamba wanaadhibiwa kwa dhambi za wengine. Malalamiko yao nayaelewa, lakini hawakunyang'anywa. Waliokuwa nazo walipewa njia ya kuzihifadhi kwa cheti. Anayeipenda bastola kwa ajili ya historia yake hapotezi historia hiyo kwa kusajiliwa.

Ukivuka bahari kuja kwetu, kipimo hichohicho kinatoa jibu tofauti kabisa. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipiga marufuku kuingiza silaha za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi 22 kusini, lakini ukaacha mlango wazi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Mataifa ya Ulaya yalijua bunduki zipi zingeweza kuwasumbua askari wao. Bunduki zilizoachwa na majeshi ya Ulaya zilikuwa zimeshaingia kwa wingi kupitia Zanzibar, na kizazi chake ni gobori tulijualo. Huko Uingereza, bunduki ya kupakiwa kwa mdomo iliyotengenezwa zamani ni pambo bila mjadala. Tanzania, gobori halijawahi kustaafu. Halihitaji risasi ya kiwandani. Hula baruti ya kusaga na goroli au vipande vya chuma, ndiyo maana bado linakamatwa mikononi mwa majangili na kutajwa kila polisi wanapowataka wananchi wasalimishe silaha kwa hiari. Sheria inayolidai leseni gobori, hata liwe la babu wa babu, haionei mtu. Mwenye kurithi moja asifikirie kwamba ukongwe wake ni kinga.

Kwa anayekusanya kihalali, jambo hili linaingia mpaka kwenye namna ya kukarabati. Tazama bamba la kufyatulia la bunduki ya gumegume ya Kiingereza: kuna taji na neno TOWER, au simba wa Kampuni ya India Mashariki aliyesimama, na kwenye mtutu kuna alama za nyumba ya majaribio ya London au Birmingham, kuonyesha kwamba ulipigwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida na haukupasuka. Alama hizo ni nyembamba mno, na mtu mwenye msasa na shauku ya kung'arisha anazifuta kwa muda mfupi. Pamoja nazo anafuta thamani yote, na pia ushahidi muhimu wa kuithibitishia polisi kwamba silaha ni ya mwaka anaoutaja. Mafundi wazuri huzuia kutu isiendelee, hawaondoi weusi wa miaka. Masalia ya baruti nyeusi hubaki na chumvi inayovuta unyevu, kwa hiyo huondolewa kwa maji, chuma kikaushwe vizuri na kupakwa mafuta mepesi. Kitako cha mti hupakwa mafuta ya kitani, si vanishi. Na kabla ya hayo yote, mtu mwenye ujuzi huhakikisha mtutu ni mtupu, kwa maana si mara moja bunduki imekutwa na baruti iliyoshindiliwa kabla ya wote waliomo nyumbani kuzaliwa. Chumba cha risasi hakiguswi. Ukikipanua kiingize risasi ya kisasa, umetengeneza silaha mpya, na sheria itakuhesabia hivyo.

Wapo wasemao hadithi hizi zote hazina haja: yeyusha kila kitu, chuma ni chuma. Wana hoja nzito, hasa baada ya mashambulizi ya Paris ya Januari 2015, ambapo mmoja wa washambuliaji alitumia bunduki zilizowahi kuuzwa kihalali kama za milio tu, kisha zikafufuliwa. Umoja wa Ulaya ulijibu mwaka huohuo kwa kuweka viwango vya pamoja vya kulemaza silaha ili zisirudi tena. Lakini jibu hilo linaonyesha njia ya kati inawezekana: silaha ikiwa imekatwa na kuchomelewa kwa kiwango kinachokaguliwa, inabaki kusomeka kama hati bila kuweza kumdhuru mtu. Ni hasara, maana fundi wa kesho hataweza tena kuuona utaratibu wa ndani ukifanya kazi. Hata hivyo ni hasara ndogo kuliko tanuri.

Mwaka 2016 Kenya ilichoma silaha haramu zaidi ya 5,000 huko Ngong, kama Itifaki ya Nairobi ya 2004 inavyozitaka nchi zetu ziondoe silaha zisizo na mwenyewe halali. Ilikuwa sawa kuchoma. Ninachokitaka ni hatua moja kabla ya moto: mtaalamu wa makumbusho apewe siku chache kando ya lundo, na daftari. Kila gobori lipigwe picha, alama zake ziandikwe, wilaya lilikotoka itajwe. Yale machache yenye alama adimu, au yenye kitako kilichopambwa kwa misumari ya shaba na fundi wa huku kwetu, yalemazwe na kuhamishiwa makumbusho. Mzinga wa meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, uliotolewa Rufiji unatazamwa na wageni Fort Jesus, Mombasa, bila kumtisha yeyote, na tunaijua safari yake kwa sababu kuna walioiandika. Gobori la mwindaji au mpiganaji asiye na jina halijapata mwandishi, na likishayeyuka hakuna kumbukumbu ya kiwanda wala ya jeshi itakayotusaidia kulifuatilia.