Mbwa amekufa kliniki, mtoto anauliza: Kazi ngumu ya muuguzi wa wanyama

Katika kliniki ya mifugo, daktari ndiye anayepima, anayeandika dawa na anayeshika sindano. Lakini mbwa au paka anapokufa, maswali magumu humwangukia mtu mwingine: yule aliyekuwa amemshika mnyama kichwa, ambaye sasa anatoka nje kwenye benchi walikokaa baba, mama na watoto, na kuwaambia kilichotokea.

Uingereza mtu huyo ni muuguzi wa wanyama, taaluma iliyoanza kutambuliwa rasmi mwaka 1961 na ambayo leo ina usajili wake. Kwa Tanzania, kazi hiyo mara nyingi inafanywa na mhitimu wa astashahada au stashahada ya afya ya mifugo, kutoka vyuo kama vile vya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo (LITA). Wateja wengi humwita tu “daktari” au “bwana mifugo”.

Masomo yake yamejaa ng’ombe, mbuzi, kuku, chanjo na majosho. Namna ya kukaa na mama anayelia kwa ajili ya mbwa, akiwa na mtoto wa miaka sita pembeni, hilo wengi hujifunza wakiwa kazini.

Na kwa mzazi, dakika hizo zina uzito. Kwa watoto wengi, kifo cha mbwa au paka wa nyumbani ndicho kifo cha kwanza kukiona kwa macho. Namna watu wazima watakavyokizungumza siku hiyo ndiyo itakayomfundisha kama kifo ni jambo la kuulizia au la kunyamazia.

Huzuni isiyo na matanga

Kiswahili chenyewe kinaonyesha ugumu uliopo. Binadamu anafariki, mnyama anakufa. Kwa binadamu kuna msiba, matanga, rambirambi na majirani wanaoleta viti. Kwa mbwa hakuna kitu. Anayeomba ruhusa kazini kwa sababu paka wake amekufa atachekwa, na anayelia ataambiwa, “Ni mbwa tu, utapata mwingine.”

Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliipa jina hali hii: huzuni ambayo jamii haiitambui. Mtu amepoteza, anaumia, lakini hana ruhusa ya kuonekana anaumia. Kufiwa na mnyama ni moja ya mifano inayotajwa mara nyingi.

Ndiyo maana neno la kwanza la muuguzi lina kazi kubwa. “Poleni sana” inatosha kuanzia. Si lazima aseme “amefariki” kama haimkai mdomoni. Kinachosaidia zaidi ni kumtaja mnyama kwa jina lililoandikwa kwenye kadi ya chanjo. “Simba amekufa, poleni sana” ni tofauti na “yule mbwa hakupona”. Familia inasikia kwamba aliyekufa alikuwa wao, na kwamba mtu mwingine analijua hilo.

Baada ya hapo, ukimya kidogo unafaa. Wengi hukosea kwa kukimbilia maelezo ya ugonjwa, wakati aliyefikwa na jambo hilo bado hajasikia chochote zaidi ya neno “amekufa”.

Kabla ya sindano ya mwisho

Kuna vifo vinavyokuja vyenyewe, na kuna vile ambavyo familia inatakiwa kuamua. Mbwa aliyegongwa na gari na kuvunjika uti wa mgongo, au paka mzee mwenye uvimbe usiotibika, anaweza kupewa sindano ya kumpumzisha na mateso. Daktari hueleza kwa nini. Muuguzi hueleza kitakachoonekana.

Maelezo hayo yanatakiwa yatolewe mapema. Dawa inayotumika sana duniani kwa kazi hii ni pentobabitali, dawa ya usingizi inayotolewa kwa kipimo kikubwa kupitia mshipa. Mnyama hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, na moyo husimama baada ya dakika chache. Macho hubaki wazi. Misuli inaweza kutikisika, anaweza kuvuta pumzi moja nzito baada ya moyo kusimama, na anaweza kujikojolea.

Asiyeambiwa mambo hayo atadhani mbwa wake alikuwa anateseka, au bado yu hai. Picha hiyo inaweza kukaa naye miaka. Aliyeambiwa atayaona na kujua ni mwili tu unaomaliza kazi yake.

Jambo jingine la mapema ni malipo. Kumdai mzazi fedha dirishani huku mwili wa mnyama ukiwa bado mezani ni kumwongezea jeraha. Kliniki inayojali humaliza hesabu kabla, au hukubaliana na familia ilipe kesho yake.

Familia pia iulizwe nani anataka kuwapo. Mtoto mkubwa anayeomba kuaga anaweza kuruhusiwa, akiwa ameelezwa atakachokiona na akiwa na mtu mzima wa kumtoa nje wakati wowote. Asiyetaka asilazimishwe.

Usimwambie “amelala”

Hapa ndipo mzazi na muuguzi wanatakiwa kuwa na kauli moja. Kosa linalofanyika kwa nia njema kabisa ni kumwambia mtoto kwamba mbwa “amelala” au “daktari amemlaza”.

Mtoto mdogo hupokea neno kama lilivyo. Jioni hiyo hiyo ataambiwa naye akalale. Mwezi ujao anaweza kupelekwa hospitali kufanyiwa upasuaji mdogo, na daktari wa kweli atamwambia anamlaza kwa nusu kaputi. Ataogopa, na atakuwa na sababu.

“Amesafiri” na “amepelekwa shamba” nayo yana gharama. Mtoto atasubiri arudi. Siku atakayoujua ukweli kutoka kwa jirani au kaka yake, atakuwa amepoteza mbwa pamoja na imani kwa mzazi.

Uelewa hutofautiana kwa umri. Chini ya miaka mitano, wengi hudhani kifo kinaweza kurudi nyuma, hivyo mtoto anaweza kuambiwa leo na kesho akauliza chakula cha mbwa kiko wapi. Kati ya miaka mitano na saba huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi. Kufikia miaka tisa au kumi, wengi wanajua kila kiumbe hufa, na maswali yao huhamia kwa watu: “Na wewe mama utakufa?”

Maneno mafupi na ya kweli ndiyo yanayofaa: “Popi alikuwa mgonjwa sana. Mwili wake uliacha kufanya kazi. Amekufa, hatarudi. Hasikii maumivu tena. Wewe hukufanya kosa lolote.”

Sentensi hiyo ya mwisho isisahaulike. Watoto wadogo huamini mawazo yao yana nguvu. Aliyemfokea paka jana kwa kumkwaruza anaweza kuamini kuwa ndiye aliyemuua, na asimwambie mtu.

Mtoto akiuliza kama mbwa ataenda peponi, muuguzi mwenye busara hulirudisha swali kwa wazazi. Kila nyumba ina imani yake.

Huzuni inapokutana na hatari

Kuna wakati muuguzi anatakiwa kusema pole na kuuliza maswali makali kwa pamoja. Mbwa aliyekufa baada ya kubadilika tabia, kutokwa na mate mengi, kushindwa kumeza, kupooza au kuuma watu bila sababu anashukiwa kuwa na kichaa cha mbwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huu kwa binadamu, na watoto wa miaka 5 hadi 14 ni miongoni mwa wanaoathirika mara nyingi. Dalili zikishajitokeza kwa mtu, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini chanjo ikitolewa mapema baada ya kuumwa, huzuia ugonjwa.

Kwa hiyo swali linakuja hata kama familia inalia: Nani aliumwa? Nani alikwaruzwa? Nani alilambwa kwenye kidonda, mdomoni au machoni? Mtoto anaweza kuficha kwa kuogopa kugombezwa, au kwa kuogopa mbwa wake atalaumiwa. Aulizwe kwa upole, pembeni, zaidi ya mara moja.

Aliyeguswa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mbwa huyo asizikwe kabla ya mtaalamu wa mifugo kutoa maelekezo, kwa sababu kipimo cha uhakika hufanywa kwenye ubongo wake. Watoto wakae mbali na mwili, na hapo kuaga kutakuwa kwa maneno tu.

Hata pasipo na kichaa, mwili unahitaji uangalifu. Mnyama aliyekufa kwa sindano bado ana dawa hiyo mwilini, na mbwa wengine au ndege wakimfukua na kumla wanaweza kufa. Azikwe kwenye shimo lisilopungua kina cha mita moja, mbali na kisima, au kliniki ipange kuuteketeza mwili. Kutupa mfuko jalalani ni hatari, na kwa mtoto aliyeona, ni jambo litakalomkaa moyoni.

Lawama hutafuta mtu

Baada ya machozi, nyumba nyingi huingia kwenye lawama. Nani aliacha geti wazi? Nani alimpa mifupa ya kuku? Kwa nini dada wa kazi hakusema mapema kwamba mbwa hali? Pengine mbwa alitegewa sumu na wezi, na hasira inakosa pa kwenda, inamwangukia mlinzi.

Mara nyingi hao wawili ndio waliomfahamu mnyama kuliko wote. Dada ndiye aliyekuwa akimpikia ugali na dagaa, na mlinzi amekesha naye usiku mamia. Huzuni yao huwa haiulizwi kabisa. Muuguzi anayewajumuisha anapotoa pole, na mzazi anayewaita wakati wa maziko, wanawafundisha watoto jambo kubwa kuhusu utu.

Kuna pia lawama ya fedha. Mzazi aliyekosa hela ya vipimo au dripu atajiuliza kwa muda mrefu kama angeweza kumwokoa. Muuguzi hatakiwi kudanganya kwamba isingesaidia kama ingesaidia. Anaweza kusema kilicho kweli: mlimleta, hamkumwacha afe peke yake barabarani.

Mwingine asiletwe kesho

Wazazi wengi wakiona mtoto analia hutaka kumletea mbwa mwingine wikiendi hiyo hiyo. Nia ni njema, lakini mtoto hujifunza kwamba anayependwa anabadilishwa kama betri. Wengine humkataa kabisa mgeni huyo.

Sababu ya pili ni ya kitabibu. Kama aliyekufa alikuwa na parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wengi wa mbwa, virusi vyake hubaki uani kwa miezi mingi, hata mwaka. Sabuni ya kawaida haiviui. Banda na vyombo visafishwe, kisha vipakwe jiki iliyochanganywa na maji, na mtoto mpya wa mbwa asiletwe kabla hajakamilisha chanjo zake. Muuguzi asipolisema hili siku ile, familia inaweza kurudi baada ya wiki tatu na msiba wa pili.

Katika kipindi hicho, mtoto apewe kitu cha kufanya. Achore picha, achague mahali pa kuzika au mche wa kupanda juu yake, atunze mkanda wa shingoni. Shule iambiwe kwa kifupi, ili mwalimu ajue kwa nini hasikilizi.

Huzuni ya mtoto huja na kuondoka. Anaweza kulia saa nne na kucheza mpira saa tano, na hiyo ni kawaida. Lakini akiendelea kwa wiki kadhaa kukosa usingizi, kukataa chakula, kukojoa kitandani wakati alishaacha, au kukataa kwenda shule, apelekwe kwa mtaalamu wa afya. Huenda kifo hiki kimeamsha kingine, cha bibi au cha mzazi, ambacho hakikuzungumzwa.

Naye muuguzi?

Anayesema pole mara tatu kwa siku naye huchoka. Anaweza kutoka kumshika mbwa anayekufa na dakika tano baadaye akatakiwa kutabasamu kwa familia iliyoleta mtoto wa mbwa kuchanjwa. Katika nchi ambako taaluma hii imekomaa, uchovu huo unazungumzwa wazi, na Uingereza shirika la Blue Cross lina huduma ya simu ya kuwasikiliza waliopoteza wanyama wao, hivyo mzigo wote haubaki kliniki.

Hapa nyumbani, kliniki ndogo inaweza kuanza na mambo mawili yasiyo na gharama: wafanyakazi kupewa dakika chache za kukaa baada ya kifo kigumu, na mmoja wao kuipigia familia simu baada ya siku tatu. Simu hiyo huuliza mambo mawili tu. Mnaendeleaje? Na kuna yeyote aliyeumwa au kukwaruzwa ambaye bado hajaenda hospitali?