Kilainishi cha Kompresa Zitumiazo Hewa ya Ukaa

Neno mafuta lina wasaa mkubwa katika Kiswahili: alizeti hukamuliwa mafuta, pikipiki hutiwa mafuta, na chuma kikwaruzacho hupakwa mafuta. Jikoni wasaa huo hauna madhara. Katika kompresa ya mashine ya baridi waweza kuiharibu mashine nzima. Ndiyo sababu neno kilainishi, ambalo limekwisha kuenea Tanzania, lastahili kufafanuliwa barabara.

Ndani ya kompresa kilainishi hupunguza msuguano, huchukua joto, na huziba upenyo mwembamba baina ya pistoni na silinda. Sehemu yake hufuatana na gesi katika mabomba, nayo haina budi kurudi. Hapo ndipo uchaguzi uanzapo. Mafuta ya madini hayachanganyiki vema na hewa ya ukaa, yaani kabonidayoksaidi. Huganda penye baridi, na kompresa ikabaki kavu. Mafuta ya esta huchanganyika nayo vizuri. Ya glikoli huchanganyika kwa kiasi tu, bali hulainisha vema chini ya kanieneo kubwa. Yote mawili hunyonya unyevu upesi, na maji yakiingia katika esta huzaa asidi. Hivyo kopo halifai kuachwa wazi. Tena, kuchanganyika kukizidi hupunguza mnato. Kwa hiyo huchaguliwa mafuta mazito kuliko yale ya gesi nyingine nyingi.

Mahali nako kuna hukumu yake. Hewa ya ukaa ikipita nyuzi 31 za Selsiasi haigeuki kuwa maji hata ikishindiliwa namna gani. Katika baridi ya Njombe mashine yaweza kufanya kazi chini ya mpaka huo. Usevya, mkoani Katavi, joto la mchana kabla ya mvua laweza kuupita. Hapo kompresa yalazimika kushindilia kwa kanieneo ipatayo mara 90 ya angahewa au zaidi, na utando wa mafuta usipohimili, vyuma hulana.

Basi fundi wa Usevya aambiwaye "tia mafuta" hajaambiwa neno. Yampasa kujua aina, esta au glikoli, na namba ya mnato, kama alivyoagiza mtengenezaji wa kompresa. Na kamusi iandikayo kwamba kilainishi ni mafuta ya mashine, kisha ikanyamaza, imemwacha mlangoni.